Inspekta Chemutai na Lori la Maharagwe

Gedion Kosgei aliacha jeshi akiwa na cheo cha sajini, akanunua shamba dogo nje ya mji wa Gilgil, kando ya barabara inayoteremka kutoka Nyahururu, akaanza kufuga ng'ombe wa maziwa. Majirani waliendelea kumwita afande, naye hakuwakataza. Sehemu kubwa ya utumishi wake aliipitisha Moyale, akilinda mpaka, na ukiwaondoa watoto wake, hakuna jambo lingine alilojivunia kama hilo. Mgeni akifika nyumbani, hata kabla chai haijamiminwa, mkewe Jepkemei alijua mazungumzo yanakoelekea: jua la Moyale, vumbi la Moyale, na jinsi kikosi chao kilivyokesha ili Wakenya wengine wapate kulala.

Siku hiyo jua lilikuwa la utosi. Kosgei alikuwa anarudi kutoka kupeleka maziwa, anasukuma baiskeli yenye mitungi mitupu, alipolikuta lori limeegeshwa kando ya barabara, tairi la nyuma limepasuka. Lilikuwa limejaa magunia ya maharagwe hadi juu, likafunikwa turubai na kukazwa kwa kamba. Dereva alikuwa amelala chini akihangaika na jeki, na msaidizi wake, taniboi, ameshika spana huku anatazama barabara juu na chini kama mtu anayengoja kufukuzwa.

"Sasa boss," Kosgei akasema. "Mnataka mkono?"

"Tuko sawa, mzee. Wewe jiendee tu," dereva akajibu kutoka chini, bila hata kutoa kichwa.

Kosgei alishangaa kidogo, maana watu wa barabara hawakatai msaada wakiwa na pancha. Aliegemeza baiskeli kwenye ubavu wa lori ili akaze mpira uliofunga mitungi. Hapo ndipo alipoisikia sauti. Ilitoka ndani, nyuma ya magunia, nyembamba na kavu, kama ya mtu aliyetumbukia kisimani na kuchoka kuita.

"Bishaan."

Akatulia. Sauti ikarudia, na nyingine ikaifuata, dhaifu zaidi. "Bishaan."

Hilo ndilo neno la kwanza analofundishwa askari mgeni kule Moyale, kabla hata ya salamu, kwa sababu kila anayeibuka kutoka nyikani analisema. Ni maji. Kulikuwa na mtu ndani ya maharagwe akiomba maji.

Kosgei hakubadilisha uso. Alikaza mpira wake, akawatakia safari njema, akasukuma baiskeli taratibu hadi alipopita kona. Ndipo akatoa simu. Kwa kuwa alikuwa mwenyekiti wa Nyumba Kumi, ulinzi wa mtaa, alikuwa na nambari ya mkuu wa kituo cha polisi, lakini hakuwahi kumpigia hata siku moja. Mkuu huyo, Inspekta Chemutai, alikuwa amehamishiwa hapo mwanzoni mwa mwaka: msichana mwembamba, sauti yake ya chini kiasi kwamba watu walilazimika kunyamaza wote ndipo wamsikie. Baada ya baraza lake la kwanza Kosgei alimwambia mkewe kwamba serikali imewaletea mwalimu wa nasari.

Alitarajia kuhojiwa sana. Inspekta alimwuliza mambo mawili tu: lori limeelekea wapi, na kama yeye mwenyewe yuko mahali salama. Kisha akasema, "Nakuja, mzee. Usirudi pale peke yako."

Alifika na gari kuukuu la kituo, pamoja na konstebo wawili, kabla tairi jipya halijafungwa. Kosgei alirudi pale akiwafuata. Dereva, ambaye kitambulisho chake kilionyesha kuwa anaitwa Sitati, alikuwa ameshasimama anajipangusa mikono.

"Madam, hii mzigo ni safi. Nimesimamishwa kila kizuizi tangu kule juu kaskazini. Kila mahali wameangalia, wameniruhusu."

"Ndiyo maana nataka kuangalia na mimi," akasema Inspekta. "Fungua turubai."

"Hebu basi tuongee pembeni kidogo."

"Tuongee hapa hapa. Hawa wote ni watu wangu."

Sitati alimtazama, akawatazama konstebo, kisha akafungua kamba. Vijana wa bodaboda walikuwa wameshaanza kusogea kutoka steji yao, na Inspekta akawaomba wasaidie kushusha. Wakapokezana magunia. Baada ya safu ya pili zilitokea mbao zilizopigiliwa kama ukuta wa banda la kuku. Konstebo mmoja, Micah, akabandua ubao wa kwanza kwa chuma, na harufu iliyotoka ikawafanya waliokuwa mbele warudi nyuma. Halafu mikono ikaonekana.

Walitolewa mmoja mmoja. Walikuwa vijana, wavulana kwa wasichana, wamefunikwa vumbi la maharagwe hadi kwenye kope. Wengi hawakuweza kusimama. Miguu yao ilikuwa imesahau kazi. Waliziba macho kwa viganja wakikwepa jua. Wa mwisho alitolewa akiwa amebebwa, kichwa kinaning'inia, na msichana mmoja akawa anatambaa kumfuata huku akimshika shati.

Umati ulikuwa umekua. Mtu mmoja akasema ni magaidi. Mwingine akasema lori lichomwe. Kipkirui, kijana wa bodaboda ambaye dakika chache zilizopita alikuwa akibeba magunia kwa moyo safi, akasogea mbele kwa hasira.

"Madam, hawa ni wa kupelekwa seli, halafu warudishwe walikotoka. Kila siku tunasikia wamepita, wamepita. Mpaka umekuwa kama mlango wa kioski. Kitambulisho mimi nilizungushwa mwaka mzima, na nimezaliwa hapa. Hawa wanaingiaje?"

Kosgei alitarajia Inspekta amfukuze. Badala yake alimgeukia, akamjibu kwa sauti ile ile ya chini, na umati ukanyamaza ili usikie.

"Uko sawa, Kipkirui. Mpaka unafaa ulindwe, na si kazi yako kuulinda. Ni kazi ya serikali, na serikali hapa ni mimi. Lakini waangalie hawa. Unaona kuna mmoja wao anayeweza kuufungua mpaka? Nitamtafuta aliyeufungua. Wewe kwa sasa nisaidie huyu kijana afike hospitali."

Kipkirui akajikuna shingo, akaenda akashika miguu ya yule aliyezimia.

"Madam, utaratibu si tuwaingize kituoni kwanza?" Micah akauliza.

"Tukiwaingiza hivi, tutaingiza maiti. Hospitali, halafu kituo."

Kosgei akawaonyesha vijana wa bodaboda namna ya kuwanywesha maji wale watu, kidogo kidogo, wasije wakatapika. Alipowaambia wageni kwa lugha ya Moyale wanywe polepole, wote waligeuza vichwa kwa pamoja, na yule msichana akaacha kulia.

Hospitalini ndipo alipoombwa awe mkalimani. Lugha yake ilikuwa imeshika kutu, na ya msichana ilikuwa ya mbali zaidi ndani ya Ethiopia, lakini walielewana. Jina lake lilikuwa Bontu. Alikuwa amemaliza shule, akakaa nyumbani bila kazi, mpaka dalali mmoja akamwahidi baba yake kwamba atamfikisha Afrika Kusini, ambako kaka yake ana duka. Baba aliuza ng'ombe wa kulimia. Aliyezimia alikuwa mtoto wa jirani yao, Lencho, na mama yake alimkabidhi Bontu mkononi siku ya kuondoka.

"Mwulize walipita vipi vizuizi," akasema Inspekta. Alikuwa ameketi kwenye benchi la wagonjwa, kofia magotini.

Bontu alimtazama Kosgei, jinsi alivyosimama wima, jinsi alivyokata nywele.

"Wewe ni askari," akasema.

"Nilikuwa. Nimezeeka sasa."

"Tuliambiwa tusiogope askari wa Kenya," akasema Bontu. "Dalali alisema wote wameshanunuliwa, kuanzia mpakani hadi mwisho wa nchi. Lori likisimama tulinyamaza, tukasikia wakicheka na dereva. Mara moja Lencho aligonga mbao akiomba hewa. Askari aliyekuwa nje aligonga pia, kama anayejibu, halafu lori likaondoka."

Kosgei aligeuza kofia yake mikononi, hakutafsiri. Inspekta alimngoja.

"Amesema nini, mzee?"

Angeweza kulainisha. Hakuna aliyejua lugha ile pale isipokuwa yeye. Lakini alimwambia yote, hata lile la kugonga, na alipomaliza aligundua amekunja kofia yake mwenyewe hadi ikawa kama kitambaa. Inspekta Chemutai aliinuka, akaenda dirishani, akasimama akiwapa mgongo. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, ila sauti haikubadilika.

"Mwambie nimesikia. Mwambie pia kwamba mimi sijanunuliwa, na sitamwomba aniamini leo."

Jioni haijaingia, Lencho akafa. Daktari alijaribu kila alichojua. Mwili ulikuwa umekaa bila maji na bila hewa kwa muda mrefu mno.

Asubuhi ya pili Kosgei alifika kituoni kuendelea na kazi ya ukalimani, akamkuta Inspekta kwenye simu. Mlango ulikuwa wazi. Hakutaka kusikiliza, lakini mtu aliyekuwa upande wa pili alizungumza kwa nguvu, kwa lafudhi ya mtu aliyezoea kusikizwa. Alisema lori ni la mfanyabiashara anayejulikana Nakuru, mtu wa maendeleo, ambaye hakujua dereva wake anabeba nini. Liachiliwe. Wale wageni wafikishwe kortini kwa kosa la kuingia nchini bila kibali, wakubali, wafungwe kidogo na kurudishwa kwao. Mambo yaishe. Yule marehemu azikwe na kaunti pamoja na miili mingine isiyo na wenyewe.

"Nimekuelewa, mkubwa," akasema Inspekta. "Nitaandika kwenye OB kwamba umepiga simu na umesema hivyo, saa hii, na jina lako. Halafu nitaendelea na upelelezi."

Simu ikakatwa. Konstebo Micah, aliyekuwa kaunta, akajifanya anatafuta kalamu. Inspekta alitoka ofisini na kitabu cha matukio, akaandika aliyosema ataandika, akamkabidhi Micah asome na kutia sahihi kama shahidi. Micah alisoma, akatia sahihi.

"Madam, watakumaliza," akasema.

"Labda," akajibu. "Mzee Kosgei, njoo. Nataka kumtafuta mama yake Lencho."

Iliwachukua asubuhi nzima, wakiwa hospitalini pamoja na Bontu. Bontu hakuwa na simu. Dalali aliwanyang'anya zote. Lakini alikumbuka nambari ya mwenye duka kijijini kwao, na mwenye duka akatuma mtu akamwite mama. Kosgei aliishika simu kwa mikono miwili. Aliwahi kupeleka habari za msiba kwa familia za wenzake jeshini, na alifikiri anaijua kazi hiyo. Hakuwahi kuifanya kwa lugha ambayo yeye mwenyewe aliokota sokoni kwa kununua sukari na kuuliza njia. Hakuwa na maneno ya upole ndani yake. Alikuwa na "amekufa" tu, na akalisema hivyo hivyo.

Mama hakupiga kelele. Aliuliza kama mtoto alikunywa maji kabla ya kufa.

"Alikunywa," akasema Kosgei. Ilikuwa kweli, na alishukuru kwamba ilikuwa kweli.

Inspekta alikuwa amesimama kando yake. "Mwambie serikali ya Kenya inampa pole," akasema. "Mwambie tulipaswa kumwona mtoto wake pale mpakani siku ya kwanza, tumrudishe akiwa mzima, na hatukumwona. Mwambie mwili hatutauzika hapa. Utarudi kwake, ukiwa na jina."

Kosgei alimtazama. Hakuna mtu aliyempa Inspekta wa kituo kidogo ruhusa ya kuomba radhi kwa niaba ya serikali. Yeye alihudumia serikali hiyo karibu maisha yake yote na hakuwahi kusikia ikisema pole kwa mtu yeyote. Lakini alitafsiri, neno kwa neno, na alipokuwa akitafsiri akajikuta amesimama wima, visigino pamoja, kama yuko gwarideni.

Bontu alikuwa amekaa sakafuni, amejifunika shuka la hospitali. Alisikia yote. Simu ilipokatwa akamwambia Kosgei kwamba atasema. Atasema jina la dalali, na nyumba walikolazwa baada ya kuvuka, na sura ya mtu aliyekuja kuwahesabu akiwa na gari zuri, ambaye Sitati alimwita bosi.

Yaliyofuata hayakuwa ya haraka. Wapelelezi walitumwa kutoka Nakuru, wengine wazuri, wengine wa kusukuma siku. Inspekta Chemutai alishinda ubalozini kwa simu na wizarani kwa miguu, mpaka mwili wa Lencho ukasafirishwa kwao. Wakati huo wote wageni walitakiwa kukaa seli. Alikataa. Alizungumza na masista wa misheni waliokuwa na nyumba ya wasichana, wakawapokea wa kike, na wa kiume wakapewa ukumbi wa kanisa, na polisi wakilinda mlangoni. Jepkemei alipeleka maziwa huko kila asubuhi. Wa kwanza kupeleka magodoro alikuwa Kipkirui, ambaye aliyafunga kwenye pikipiki yake hadi akafunikwa yeye mwenyewe. Msimamo wake hakuubadilisha. Alisema warudi kwao. Ila walale mahali pazuri kabla ya kurudi.

Jambo hilo hata Inspekta alilisema wazi. Siku moja Bontu alimwomba, kupitia Kosgei, waachwe waendelee na safari, sasa kwa kuwa wamekuwa marafiki.

"Siwezi," akasema Inspekta. "Mwambie mlango wa Kenya una utaratibu, na mimi nimeapa kuulinda. Akitaka kuja siku nyingine, aje kwa mlango, na jina lake likiwa kwenye paspoti. Nikiwa pale nitamkaribisha mimi mwenyewe."

Bontu alikasirika, hakuzungumza naye siku mbili. Kosgei alimhurumia, na bado alijua Inspekta alikuwa sahihi. Kule kaskazini alikuwa amewahi kufikiri kwamba mlinzi wa mpaka ni lazima achague: ama awe mkali, ama awe mwema. Wenzake wengi waliochagua wema waliishia kuwa wema kwa kila mwenye noti. Inspekta huyu hakuchagua. Alifanya yote mawili, kwa mtu yule yule, mchana mmoja.

Kesi ilisikizwa Nakuru. Sitati, alipoona tajiri wake hamletei hata wakili, alikubali makosa na kugeuka shahidi wa serikali. Mfanyabiashara mwenyewe aliketi kizimbani na suti ya kijivu, pembeni yake mawakili wawili. Kosgei alitafsiri ushahidi wa Bontu. Bontu alisimulia kuhusu mbao, kiza, na yule askari aliyejibu kugonga kwa kugonga.

Halafu akaitwa Inspekta Chemutai. Wakili wa mshtakiwa alikuwa mtu wa maneno matamu, na alimwuliza kwa adabu kubwa.

"Inspekta, lori hili, kwa maelezo yako, lilivuka mpaka wa nchi yetu, likapita vizuizi vingi vya polisi, vyote vya halali. Maafisa wenzako, wengine wenye cheo kukuzidi, waliliona hawakupata kosa. Unaiambia korti kwamba wewe peke yako ndiwe unayejua kazi?"

"Hapana," akasema. "Mimi nilipigiwa simu na mwananchi."

"Basi unaiambia korti kwamba serikali ilishindwa?"

Kosgei alimwona mkubwa mmoja wa polisi, aliyeketi safu ya mbele, akiinua kichwa. Wakili alikuwa ametega mtego mzuri: akikataa, lori linakuwa safi, akikubali, anawashtaki wakubwa wake mbele ya waandishi wa habari.

"Ndiyo," Inspekta akasema. "Ilishindwa mpakani, ikashindwa tena kila mahali lori liliposimama. Waliolisimamisha walivaa nguo kama hizi nilizovaa. Mteja wako alijua watashindwa, ndiyo sababu akafanya biashara hii. Mimi ni serikali pia, mheshimiwa. Sikuja hapa kusema haikushindwa. Nimekuja kwa sababu kijana amekufa mikononi mwetu, na ni sisi tunaofaa kusema vipi."

Aliyasema kwa sauti yake ile ya chini, na hakimu aliinama mbele ili amsikie. Wakili alipekua makaratasi yake, akasema hana swali lingine.

Walipotoka nje, Kosgei alimpigia saluti. Hakupanga. Mkono uliinuka wenyewe, pale kwenye ngazi za mahakama, mbele ya watu, mzee wa nywele nyeupe aliyevaa sweta. Inspekta alishtuka, akatazama huku na huku, kisha akaijibu sawasawa.

Mfanyabiashara alihukumiwa kifungo, akakata rufaa, na rufaa hiyo bado inasubiri kusikizwa. Lori lilitaifishwa. Maafisa kadhaa waliokuwa kwenye vizuizi walisimamishwa kazi. Mmoja ameshashtakiwa, wengine bado wanachunguzwa, na wapo watu wanaosema uchunguzi huo utafia njiani. Bontu na wenzake walirudishwa kwao kwa basi, wakisindikizwa na maafisa wa uhamiaji, bila pingu. Siku ya kuondoka Bontu alimkumbatia Jepkemei kwa muda mrefu. Kwa Inspekta alinyoosha mkono, Inspekta akaushika, naye Bontu akasema kitu kwa haraka. Kosgei alianza kutafsiri lakini Inspekta akamzuia, akasema ameelewa.

Miezi michache baadaye habari zikaenea Gilgil kwamba Inspekta Chemutai amehamishwa, anapelekwa kwenye kituo cha mpakani huko kaskazini. Watu walikasirika. Pale steji vijana wa bodaboda walisema hiyo ni adhabu, wakubwa wamelipa kisasi, na Kipkirui alianza kukusanya sahihi za kumwandikia gavana. Kosgei, ambaye hasira yake ilikuwa ya kimyakimya, alichukua kibuyu cha mursik, maziwa yaliyogandishwa, kutoka kwa mkewe, akaenda moja kwa moja hadi nyumba za polisi. Alimkuta anafunga vyombo kwenye maboksi, amevaa kanga na fulana.

"Chamgei, mzee," akasema. "Ingia. Samahani, kiti kimoja tu kimebaki."

"Madam, tumesikia. Tutapeleka jambo hili juu. Hawawezi kukutupa jangwani kwa kusema ukweli."

Inspekta alicheka. Kosgei hakuwahi kumsikia akicheka.

"Hawajanitupa. Niliomba mwenyewe. Tena niliomba mara mbili; ya kwanza walidhani nimekosea kujaza fomu."

Kosgei akaketi. Alimtazama vile alivyokuwa, mdogo, mwembamba, vidonda vya baridi ya Gilgil midomoni, akamwona kwa macho ya mawazo akiwa kule, kwenye upepo ule, kati ya wenye magari mazuri na wenye njaa, na kila mmoja akitaka kumjua bei. Akaogopa kwa ajili yake. Wakati huo huo alijua kwamba kama angekuwa bado kikosini, angetembea kwa miguu kwenda kuhudumu chini yake.

"Kule ni kugumu," akasema hatimaye.

"Ndiyo maana nilitaka uje kabla sijaondoka. Nilikuwa nakuja kwako kesho." Alitoa kikombe kutoka boksini, akakipangusa kwa upindo wa kanga, akamiminia maziwa, akampa yeye kwanza. "Niambie njia za panya zinapita wapi. Zile mlizokuwa mnazijua nyinyi. Na wazee wa kusalimia, na wa kuogopa."

"Zimebadilika, nina hakika. Tulizifunga, zikafunguka nyingine."

"Basi nianzie hapo mlipoachia."

Kosgei alikunywa, akarudisha kikombe, naye akanywa. Kisha mzee akasogeza kiti karibu na dirisha palipokuwa na mwanga, akaanza kumweleza, kilima kwa kilima na kisima kwa kisima, na kila mara alipofika kwenye jina la mahali alisimama, akalirudia polepole, mpaka Inspekta alipoweza kulitamka jinsi wenyeji wanavyolitamka.